«Labda Inaweza»: Kosa Lisilo Kosa

Tarehe 10 Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wake na Kongo, Kasumbalesa ikiwemo, kwa sababu ya ugomvi wa bia na soda ambazo serikali ya Kinshasa ilikuwa imezizuia kuingia. Mpaka ulibaki umefungwa siku chache tu. Lakini siku chache zinatosha kumkosesha usingizi mtu wa Kampemba, Lubumbashi, mwenye mzigo barabarani, maana mji huo hutegemea sana mahindi na unga wa Zambia, na habari za Lusaka hutoka kwa Kiingereza.

Tuseme mfanyabiashara mwenye ghala dogo karibu na mtaa wa viwanda anapokea ujumbe wa mwenzake aliye Chililabombwe, upande wa pili: "The border may well reopen tomorrow." Kiingereza alikisoma sekondari. "May" anaijua: huenda. "Well" anaijua pia: vizuri. Basi mpaka utafunguliwa vizuri? Au neno hilo ni pambo tu, kama alivyoambiwa shuleni kila kielezi kilipoonekana kimeng'ang'ania kitenzi kisaidizi? Akilitupa, anabaki na habari ya mtu asiyejua lolote: huenda ukafunguliwa, huenda usifunguliwe. Mwenzake hakumwambia hivyo. Alimwambia atafute wapakuzi, kwa kuwa dalili zinaelekea kuzuri.

Neno la herufi nne limebeba habari yote, na ndilo neno ambalo mafunzo yake yalimwagiza alipuuze.

Lubumbashi kuna imani iliyoota mizizi miongoni mwa wanaofundisha na wanaojifunza Kiingereza, kuanzia madarasa ya sekondari hadi vyumba vya jioni ambako vijana hulipa ili wapate lugha ya migodi na ya mpakani. Imani hiyo inasema uwezekano hutajwa mara moja. Ukishatumia "may", "might" au "could", umemaliza. Ukiongeza "perhaps" au "possibly" umerudia jambo, na kurudia ni kosa. Sentensi kama "It could possibly be true" hupigwa mstari, na pembeni huandikwa neno la Kifaransa ambalo kila Mlushois, yaani mkazi wa Lubumbashi, aliyepita shule analikumbuka: "pléonasme". Pamoja na imani hiyo huja ngazi ya asilimia inayochorwa ubaoni: "must" asilimia 95, "may" asilimia 50, "might" asilimia 30. Nyuma ya yote mawili kuna dhana ya tatu, isiyosemwa kwa sauti kubwa: kwamba mtoto aliyekulia katika Kiswahili cha Bongonga au Bel-Air hana kipimo cha mambo haya kwao, kwa hiyo apewe neno mojamoja kama dawa ya kijiko.

Zote tatu ni mbovu. Ya kwanza ndiyo mbaya kupita zote, kwa sababu inamnyang'anya mwanafunzi chombo ambacho Waingereza wenyewe hukishika kila siku.

Chanzo cha hofu hiyo si kigumu kukiona. Shule za Lubumbashi hufundisha kwa Kifaransa, lugha rasmi ya nchi kwa mujibu wa Katiba ya 2006, na Kifaransa cha shule kina orodha ndefu ya maneno ya ziada ambayo mwanafunzi huonywa nayo tangu utotoni: usiseme "monter en haut" (kupanda juu), usiseme "sortir dehors" (kutoka nje). Katika orodha hizo imo pia "pouvoir" (kuweza) iliyofungwa pamoja na "peut-être" (labda). Mwalimu aliyefyekwa kwa orodha hiyo alipokuwa mdogo huifyekea Kiingereza cha wanafunzi wake. Anasafisha nyumba ya jirani kwa ufagio wa kwao, na anatupa vyombo akidhani ni taka. Examen d'État ya kumaliza sekondari nayo haimsaidii: mtihani wa kuchagua jibu moja kati ya kadhaa humzoesha kijana kuamini kwamba kila pengo lina neno lake moja, na kwamba maneno mawili yakifanya kazi pamoja basi moja limeingia kwa bahati mbaya.

Sasa na ijaribiwe imani hiyo kwenye "well" yenyewe. Kama kielezi kinarudia tu kilichosemwa na kitenzi kisaidizi, basi kukiondoa kusingebadili kitu. Lakini ondoa "well" katika ujumbe wa Chililabombwe, uzito wa habari unashuka. Kisha ondoa "may" na uache "well", useme "The border will well reopen": sentensi inaanguka, hakuna Mwingereza atakayeikubali. "Well" ya maana hii huishi tu ikiwa na "may", "might" au "could" mbele yake. Ni kama magurudumu ya baiskeli. Anayesema moja ni marudio ya jingine ajaribu kupanda na moja.

Tena vielezi havisukumi upande mmoja. "Might just" hupunguza: kuna tundu dogo, usilitegemee sana. "Could easily" huongeza, mara nyingi kwa jambo la kuogopesha, kama lori lililopakiwa kupita kiasi. "Could I possibly" haipimi kitu, inainamisha kichwa mbele ya anayeombwa. Na "can't possibly" inafanya ajabu: neno lenye maana ya "huenda" linakuja kuufunga mlango kwa komeo, haiwezekani hata kidogo. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "possibly" ni kivuli cha "may" atapotea katika sentensi zote hizo, na hatajua kwamba amepotea.

Wataalamu wa Kiingereza waliliona jambo hili zamani. John Lyons, katika kitabu chake cha semantiki cha 1977, alieleza kwamba kitenzi kisaidizi na kielezi vyenye uzito unaolingana havihesabiwi kuwa kauli mbili za uwezekano. Vinaimba wimbo mmoja kwa sauti mbili, na sauti hizo huimarishana. Uzito ukitofautiana ndipo kila neno hufanya kazi yake mbali. Mwanaisimu Leo Hoye alitoa kitabu kizima mwaka 1997 juu ya vielezi na vitenzi hivyo tu. Hakuna anayeandika kitabu kizima kuhusu takataka.

Lakini kwa nini mtu wa Kampemba aende mpaka kwa Lyons, wakati ushahidi umo kinywani mwake? Kiswahili kinasema: "Vitabu vyangu vile vitatu vimepotea." Hesabu. Wingi wa vitabu umetajwa mara tano katika maneno matano, na hakuna mwalimu aliyewahi kuandika "pléonasme" pembeni. Huo unaitwa upatanisho, na ndio uti wa mgongo wa lugha. Hata anayesema "batoto" badala ya "watoto", kama ilivyo kawaida ya mji huu, hashangai kusikia "ba-" ikirudi kwenye kitenzi. Kurudi kwake humhakikishia msikilizaji kwamba bado wanazungumzia watoto walewale. Wanaisimu wa leo wanapoeleza "may possibly" wameazima neno hilohilo: wanauita upatanisho wa uwezekano. Kwa msemaji wa lugha ya Kibantu hilo si somo jipya. Ni kitu anachokifanya tangu alipoanza kuongea.

Na anakifanya katika uwezekano pia. Umeme ukikatika jioni, jirani akauliza kama utarudi kabla ya kupika bukari (ugali), jibu la kawaida ni "labda inaweza kurudi". Mtu anayemsubiri ndugu yake kutoka mji wa Likasi atasema "labda anaweza kuya (kuja) kesho", au atatanguliza "peut-être" ya Kifaransa na kuendelea na "ataweza" ya Kiswahili bila kupepesa jicho. Kitenzi na kielezi vimeshikana mikono. Wakali wa sarufi watasema hicho ni Kiswahili kibovu. Basi wajaribu kuondoa kimoja. "Anaweza kuya kesho", peke yake, ina maana tatu: ana uwezo wa kuja, ana ruhusa ya kuja, au yumkini atakuja. "Labda" ndiyo inayowatuma nje wageni wawili na kumbakiza mmoja.

Kiingereza kina tatizo hilohilo na dawa hiyohiyo. Mpe dereva barua yenye sentensi "The driver may leave at six", naye hatajua kama ameruhusiwa kuondoka saa kumi na mbili au kuna anayebahatisha tu saa yake ya kuondoka. Andika "may possibly leave", ruhusa imetoweka. Ukanusho ndio wenye hatari zaidi. "Workers may not enter" ni katazo la kubandikwa mlangoni. "The pump may not start" ni tahadhari kuhusu mashine. Maneno mawili yaleyale, "may not", huku yakizuia watu na kule yakiwaonya. Anayeandika "may possibly not start" amemwokoa fundi na mkanganyiko, na anayekifuta kielezi hicho kwa jina la ufupi amemrudisha humo.

Watetezi wa ngazi ya asilimia huwa na jibu: kama "may" ni 50 na "might" ni 30, vielezi vya nini? Namba zinatosha.

Namba hizo hazipo. Mwaka 1951 idara ya ujasusi ya Marekani ilitoa makadirio kuhusu hatari ya Yugoslavia kushambuliwa mwaka ule, ikasema shambulio lichukuliwe kuwa "serious possibility". Sherman Kent, mmoja wa wakuu wa kazi hiyo, alipoulizwa maneno hayo yana uzito gani, alijibu kwamba yeye alikusudia 65 kwa 35 kuelekea shambulio. Muulizaji alishtuka, maana alikuwa ameyapima chini zaidi. Kent akarudi kwa wenzake walioyaandika na kuyakubali pamoja naye, akamuuliza mmoja mmoja. Majibu yalianzia 20 kwa 80 hadi 80 kwa 20. Watu wa chumba kimoja, lugha moja, kazi moja, karatasi moja! Kent aliyasimulia haya mwaka 1964 akitetea jedwali la maneno yenye namba zilizokubaliwa. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, hufanya hivyo hadi leo: kwake "likely" ni asilimia 66 na zaidi, "very likely" ni 90 na zaidi. Namba hizo zina nguvu kwa sababu kuna jedwali lililochapishwa na watu waliokubali kulifuata. Ubao wa darasa la Bel-Air hauna jedwali la namna hiyo na msemaji wa Lusaka hajatia saini yoyote. Ngazi ile ni mchoro wa kumfariji mwanafunzi kabla ya mtihani.

Tena mchoro wenyewe unavunjika mara tu wakati uliopita unapoingia. Tarehe 18 Desemba 2010, mjini Abu Dhabi, Tout Puissant Mazembe wa Lubumbashi walicheza fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, baada ya kuwatoa Internacional wa Brazili kwa mabao 2-0. Inter Milan wakawafunga 3-0. Hakuna Mlushois asiyejua matokeo hayo. Kwa hiyo mtu wa Kampemba akisema "Mazembe may have won", msikilizaji atamshangaa: huyu alikuwa wapi? Kwa Kiingereza cha kawaida maneno hayo ni ya asiyejua matokeo. "Mazembe might have won" yanaweza kuwa ya anayejua vizuri kwamba walifungwa na bado moyo unauma, ndiyo "wangeweza kushinda" ya Kiswahili. "Might well have won" yanazidi: yanadai ushindi ulikuwa karibu, na yanaalika ubishi. Hapo 50 na 30 zinapima nini? Kweli, wapo Waingereza wengi siku hizi wanaotumia "may have" hata kwa jambo ambalo halikutokea, na wazee wa sarufi huwalalamikia. Hilo halimsaidii mtetezi wa ngazi. Linaonyesha tu kwamba "may" inazidi kulegea, na neno linapolegea ndipo linapohitaji mwenzake.

Kulegea ni tabia ya maneno haya kila mahali. "May" ilikuwa zamani neno la nguvu na uwezo, na "might" bado ina pacha yake yenye maana ya nguvu. Kiswahili kina mfano mtamu zaidi. "Labda" ilitoka katika Kiarabu, "la budda", maana yake hapana njia ya kukwepa. Ni ndugu wa "budi" tunayoitumia katika "sina budi". Ndugu mmoja amebaki mkali kama alivyozaliwa; mwingine amelainika hadi kuwa neno la mashaka. Neno lililowahi kumaanisha "lazima" leo ndilo tunalomjibia mdai. Wenye lugha hawalii juu ya hilo. Wanamwongezea "labda" rafiki, "labda inaweza", na mazungumzo yanaendelea.

Inabaki dhana ya tatu, kwamba Kiswahili cha mji huu ni cha amri na cha vitu, si cha mashaka na mizani. Dhana hiyo ina historia, na historia hiyo haipendezi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni katika Kongo ya Wabelgiji, alipitia vitabu vya mafunzo ya Kiswahili vilivyotungwa kwa ajili ya Wazungu wa Katanga, mkoa wa Lubumbashi. Vimejaa amri: leta, beba, fagia, ngoja. Bwana wa nyumba au msimamizi wa mgodi hakuwa na haja ya kumwambia mpishi "huenda ikawa". Aliyesoma vitabu hivyo akadhani ameiona lugha alikuwa ameiona tu upande wa mwenye fimbo. Mwaka 1965, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, André Yav aliiandika historia ya Elisabethville, jina la kikoloni la Lubumbashi, kwa Kiswahili cha mji huohuo, watumishi wakiwa ndio wasimulizi. Fabian aliitoa upya pamoja na maelezo mwaka 1990. Lugha inayotosha kusimulia nusu karne ya mji haiwezi kukosa namna ya kusema "pengine".

Haki itendeke kwa upande wa pili. Si kila jozi inakubalika. "May probably" inakwaruza sikio la Mwingereza, kwa kuwa "probably" inavuta juu na "may" inabaki katikati. Kwake ni "will probably", au "may well". "Maybe perhaps possibly" kwa mfululizo ni kigugumizi. Wahariri wa Kiswahili nao hukata "labda huenda" wanapoikuta, na mara nyingi wana haki, kwa sababu yote mawili yanakaa kiti kimoja na hakuna kitenzi cha kupatana nacho. Kinachotakiwa ni kulinganisha uzito wa maneno, wala si kuyahesabu.

Zaidi ya hayo, wakati kalamu nyekundu inawinda vielezi visivyo na hatia, kosa halisi linapita mchana kweupe. Kwa kuwa "inaweza" ya Kiswahili na "peut" ya Kifaransa hubeba uwezo na uwezekano kwa pamoja, mwanafunzi wa Lubumbashi huandika "It can rain tonight" akimaanisha huenda mvua ikanyesha usiku huu. Kiingereza hakisemi hivyo. "It can rain in October" ni sawa, maana inaeleza tabia ya mwezi. Kwa usiku huu mmoja ni "may", "might" au "could". Kuongeza "possibly" juu ya "can" hakuliponyi kosa hilo. Darasa linalotumia saa nzima kufuta "perhaps" mara nyingi halina hata dakika kumi za tofauti hii.

Na tofauti hizi zina pesa ndani yake. Kilomita 30 hivi kutoka mjini, mgodi wa Kipushi, uliosimama mwaka 1993, ulirudi kuzalisha mwaka 2024 chini ya Ivanhoe Mines, kampuni iliyoorodheshwa katika soko la hisa la Toronto. Taarifa za kampuni za namna hiyo huwa na kurasa za tahadhari ambamo "may", "could" na "might" ndizo zinazotenganisha kilichoahidiwa na kisichoahidiwa. Kijana wa Kampemba anayetafuta kazi, mkandarasi mdogo anayepanga kukopa kwa kutegemea zabuni, mwandishi wa redio anayetafsiri taarifa hiyo kwa ajili ya wasikilizaji wa mtaani, wote wanahitaji kuona kama kando ya "may" kuna "well" au kuna "conceivably". Kati ya maneno hayo mawili kuna mkopo unaolipika na mkopo wa kujuta.

Kwa hiyo ombi kwa mwalimu anayesahihisha madaftari wiki hii huko Bongonga ni dogo. Akikuta "may well" au "could possibly" aziache zipite bila alama. Wino aliouokoa ausubirishe hadi atakapofika kwenye "It can rain tonight".